Siku Kumi za Twila Hatch Barabarani

Twila Hatch aliendesha basi la shule pale Kingman, Arizona, kwa miaka thelathini na mmoja, na ukitaka kumuudhi muulize kama aliwahi kupata ajali. Atakutazama mpaka ujione mdogo. Basi lake lilikuwa namba kumi na nne. Lilikwenda hadi mwisho wa lami, likapita kwenye makorongo yanayojaa maji ghafla mwezi wa saba, na kila jioni lilirudisha watoto walewale liliowachukua asubuhi, wote, na kamasi zao na mabegi yao. Nusu ya watu wazima wa mji ule wamekua wakitazama kisogo chake. Mpaka leo wakimkuta dukani wanashusha sauti.

Sasa mtu wa namna hiyo, miaka sabini na minane, umwambie aache kuendesha! Aliyethubutu ni binti yake mwenyewe, Janeen.

Kisa chenyewe, mwezi wa pili Twila alikuwa anarudi nyuma kutoka uani kwake akagonga sanduku la barua la jirani, mzee Burdette. Sanduku likalala kifudifudi mchangani. Twila alisema sanduku lile lilikuwa limeinama tangu mwaka juzi, yeye kalimalizia tu. Janeen hakucheka. Ni muuguzi, tena wa upande wa majeruhi.

"Mama, mimi ndiye ninayewapokea hao wazee wakiletwa," alisema. "Nipe funguo."

"Nikupe funguo kwa ajili ya kibati?"

"Leo kibati. Kesho mtoto wa mtu."

Hapo alimgusa pabaya. Twila akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Muelewe: anakaa nje ya mji, maili tisa mpaka duka la karibu, na huku kwetu jangwani asiye na gari ni mtu wa kukaa dirishani akingoja huruma ya watoto wake. Atakwenda kanisani wakipenda, atanunua maziwa wakikumbuka. Twila aliwaona wenzake waliofikia huko na aliapa hatafika.

Walivutana wiki tatu, mama na mwana, hata simu ikawa haipokelewi. Mwisho Twila akatoa masharti. Siku kumi, hifadhi tano za jangwani, usukani mikononi mwake mwanzo hadi mwisho: Msitu wa Mawe, Matao, Capitol Reef, Sayuni, kisha Bonde la Mauti, halafu nyumbani.

"Nikirudi na mkwaruzo mmoja, funguo zako," alisema. "Nikirudi salama, habari hii usinitajie tena mpaka mnanizika."

"Sawa. Lakini uende na shahidi."

Shahidi akawa Consuelo Armijo, ambaye mji mzima unamwita Chelo. Alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita, mjane, umri sabini na minne, shoga yake Twila tangu enzi za kunywa kahawa pamoja kwenye mlango wa jiko kabla kengele haijalia. Janeen alimkubali kwa sababu Chelo hajui kudanganya. Twila alimkubali kwa sababu hiyohiyo. Kila jioni Chelo ampigie Janeen simu, atoe maksi, kumi kwa kumi.

Basi katikati ya mwezi wa tano, kabla jua halijakasirika kabisa, wakaondoka. Twila alivaa miwani yake ya basi. Chelo alibeba mito miwili, tamale, zile za unga wa mahindi na nyama, za kutosha kijiji, na kitabu chake cha mihuri. Kitabu hicho ndicho kilichompeleka, asikwambie mtu. Kila hifadhi ina muhuri wake wenye tarehe, unaugonga mwenyewe pale ofisini, na Chelo alikuwa na kurasa za jangwani tupu kabisa, kitu kilichomkera miaka.

Msitu wa Mawe walifika mchana. Chelo aligonga muhuri wake, akaupuliza ukauke, wakaenda kula mikate ya kukaanga ya Wanavaho kando ya barabara, mafuta yakiwachuruzika mpaka viwikoni. Jioni Chelo akapiga simu.

"Tisa," alisema.

Twila alisubiri akate. "Tisa? Hiyo moja imeliwa na nani?"

"Ulimtukana mwenye lori."

"Nilimpisha!"

"Ulimpisha huku unamtukana."

"Hasikii yule, shoga."

"Mimi nilisikia."

Na safari ikaenda hivyo. Kule Matao maegesho yalikuwa yamejaa hadi mtu anakaribia kupigana, ikabaki nafasi moja nyembamba kati ya gari la kulala la Wakanada na mwamba. Kijana mwenye baiskeli juu ya gari akapiga honi nyuma yao, mara mbili.  Twila akarudisha gari nyuma kwa mara moja tu, vioo vyote viwili vikapita na nafasi ya vidole vinne kila upande, akazima, akashuka, akamwambia yule kijana, "Haya mwanangu, jifunze." Chelo alitoa kumi siku hiyo. Capitol Reef walikula pai za matunda kwenye bustani za zamani, kila mtu yake, na ya tatu wakagawana. Sayuni kuna handaki refu lililochimbwa ndani ya mlima, giza tupu, na Chelo aliingia humo amefumba macho akisali.

"Sali moyoni," Twila alimwambia. "Unanichanganya mimi na Mungu."

Twila alikuwa na raha ambayo hakuwa ameionja tangu akabidhi basi. Asubuhi anakagua matairi kwa kuyapiga teke, anatia maji ya kioo, anakaa, anavuta kiti, na mgongo wake wote unajua uko wapi. Magari ya huko mbali yakipishana nao aliwanyanyulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yetu hiyo, nao wakamrudishia. Alijua anaendesha vizuri. Hakuhitaji mtu amwambie.

Kilichokuwa kinamsumbua kidogo ni maji ya Chelo. Wanawake wa umri ule wananielewa. Chelo ana kidonge cha presha anachomeza asubuhi, na kidonge kile kinampeleka chooni kila baada ya saa, na vyoo vya jangwani vimeachana mbali kama mabenki. Basi dawa yake Chelo ikawa kutokunywa mpaka jioni.

"Kunywa maji we mwanamke," Twila alimwambia siku ya kwanza.

"Nimekunywa."

"Hiyo chupa imejaa mpaka shingoni."

"Hii ya pili." Nayo haikuwa ya pili. Kwa hiyo Chelo alijua kudanganya kidogo, kwa jambo hilo moja.

Siku ya tisa waliamka Bonde la Mauti. Chelo alikuwa na haja moja tu huko: matanuru ya mkaa, yale ya mawe, marefu, yaliyopangwa mstari juu milimani tangu enzi za migodi. Picha yake ilikaa kwenye ukuta wa jiko la shule miaka mingi, ya kalenda, na alikuwa akiitazama huku anakoroga maharage. Lakini kwanza muhuri, na ofisini kulikuwa na foleni ya basi zima la watalii, hata wakaja kuondoka saa tano. Joto lilishafika digrii arobaini na moja na lilikuwa bado linapanda.

Mlima ulipoanza kukaza, kibao kikatokea kando ya barabara: zima kiyoyozi, gari lisichemke. Twila akazima papo hapo, akashusha vioo vyote vinne. Halafu akafungua hita mpaka mwisho.

Usishangae. Sisi wa jangwani tuliopita miaka sitini tunafanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mkanda. Twila alifundishwa na baba yake, Orval, akiwa na miaka kumi na minne kwenye lori la nyasi: mlimani unafungua hita ili injini itoe joto lake huku kwenu, nyie muive badala ya rejeta. Hivyo ndivyo watu walivyovuka. Waliokuwa wagumu wa kuelewa walibaki njiani na boneti wazi wakingoja mtu mwenye maji. Ila gari la Twila lilikuwa na miaka minne tu toka dukani. Sindano yake ya joto ilikuwa katikati, imetulia, haina habari.

"Mbona iko katikati?" Chelo aliuliza. Upepo wa hita ulikuwa unampiga magotini, na ule wa dirishani ulikuwa wa moto vilevile.

"Sindano za siku hizi zinaongopa. Zinakwambia salama, salama, mpaka unasikia pwaa."

"Lazima hita?"

"Unataka tulale hapa?"

"Haya."

Gari jeupe likawapita, vioo vimefungwa, ndani vijana, mmoja kavaa sweta. Twila akacheka sana. "Wale tutawakuta mbele huko, wameinamia injini."

Maili mbili baadaye aliuliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa," Chelo alisema. "Tazama barabara."

Maana Chelo naye alikuwa na hesabu zake. Ilikuwa siku ya tisa, imebaki moja. Akisema anajisikia vibaya itabidi wasimame, wakisimama itabidi aseme kwa simu jioni, na Janeen anatafuta sababu. Akaona avumilie. Nusu saa ni nini? Amesimama mbele ya majiko ya shule miaka ishirini na sita.

Twila aliendesha. Kona zilikuja moja baada ya nyingine, naye alizikata bila kugusa mstari, sikio lote kwenye injini, jicho likitoka barabarani kwenda kwenye sindano na kurudi. Alianza kuhadithia ile siku mbuzi wa akina Tolliver alipopanda basi kituo cha tatu akakaa kiti cha nyuma kama mwanafunzi. Chelo huwa anacheka hadithi hiyo kila mara, hata akijua inavyokwisha. Safari hii alicheka mwanzoni, kisha akawa kimya, na Twila akachukua kimya kile kuwa anasikiliza.

Juu kabisa, kabla ya kuyafikia matanuru, palipokuwa na kimti na kivuli, Twila aliegesha gari sambamba, magurudumu ameyakunja kuelekea mlimani kama inavyotakiwa.

"Umeona? Sindano haijatikisika! Andika kumi, mwenzangu, na uandike kwa kalamu nene."

Chelo alikuwa ameegemea mlango. "Mwambie Lupe azime jiko," alisema polepole. "Linaunguza."

Lupe walipika naye. Lupe amezikwa huu mwaka wa sita.

Twila akamshika shavu. Lilikuwa kavu kabisa, hakuna hata tone la jasho, na la moto kama sufuria. Hapo moyo ulimpasuka, nakwambia kweli. Lakini mikono ilikuwa tayari inafanya kazi, maana mikono ya Twila haijawahi kumngoja. Vioo juu. Hita chini, kiyoyozi mpaka mwisho. Akafungua sanduku la barafu nyuma, akamwaga soda na jibini zote chini, akararua vifungo vya blauzi, akamtia Chelo barafu makwapani, shingoni, mapajani. Akalowesha shuka la gesti ambalo Chelo alilichukua Sayuni kwa makosa, akamfunika nalo.

"Wee Chelo! Nitazame. Mimi nani?"

"Dereva," Chelo alisema, kisha akaanza tena habari za jiko.

Simu haikuwa na mtandao. Twila akageuza gari akashuka mlima uleule, mbio lakini safi, na safari hii kila baada ya kona alimtazama Chelo usoni, akamwita jina, akamtazama tena. Walipofika kituo cha hifadhi bondeni aliweka kiganja kwenye honi akakiacha hapo. Askari wa hifadhi akatoka mbio, mama wa makamo, akampima Chelo, akamtundikia dripu ndani kwenye ubaridi, akaita gari la wagonjwa.

"Nani kamtia barafu?" aliuliza.

"Mimi."

"Umemwokoa."

Twila akaenda kuzima gari lililokuwa bado linanguruma nje. 

Walimpeleka Chelo hospitali ya Pahrump, upande wa pili wa mpaka wa Nevada, Twila akifuata gari la wagonjwa kwa nyuma, umbali uleule njia nzima. Kabla jua halijazama Chelo alikuwa amekaa kitandani, anajua mwaka, anajua rais, analalamikia supu. Akaomba simu.

"Usimpigie," Twila alisema.

"Nisipopiga atajua kuna jambo." Akabonyeza namba. "Janeen, mwanangu. Ndiyo, tuko salama. Leo? Leo tisa." Akasikiliza. "Mama yako anaimba vibaya, ndiyo sababu." Akakata simu.

"Chelo!"

"Nini? Aliniuliza kuendesha. Hukugusa mstari hata mara moja, niliona kwa macho yangu. Hakuniuliza habari za joto."

"Ulikuwa unamwita Lupe."

"Alikuwaje?"

"Chelo, nyamaza. Nilikaribia kukuua."

"Kidonge kile ndicho kilikaribia kuniua. Na ujinga wangu wa maji. Daktari kasema." Akamshika mkono, mkono wake ukiwa na sindano ya dripu. "Twila, sikiliza. Wakikunyang'anya gari utakuwa unakaa dirishani. Mimi sitaki kuja kukuona umekaa dirishani. Mimi nimenyamaza. Nawe nyamaza."

Kesho yake daktari akamruhusu, wakarudi nyumbani. Kutoka Pahrump mpaka kwetu ni mwendo wa saa tatu na kitu, na Twila hajawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma hata Chelo akaomba mto afunike miguu. Twila alisimama kila choo, alitaka asitake. Na kati ya choo na choo alifikiri.

Kwenye basi namba kumi na nne kulikuwa na kioo kikubwa juu ya kichwa chake, kinaonyesha viti vyote. Barabara mbele, halafu kioo, barabara, halafu kioo, sekunde chache tu kati yake, miaka thelathini na mmoja. Ndiyo maana hakupoteza mtoto. Si breki wala kona. Alikuwa anawatazama. Alimjua anayetaka kutapika kabla mwenyewe hajajua. Sasa kule mlimani abiria wake alikuwa mmoja, amekaa mkono wa kulia, ungeweza kumgusa kwa kiwiko, naye dakika arobaini nzima alitazama sindano.

Janeen aliwakuta uani. Alimkumbatia mama yake, kisha kama mtu wa haki akalizunguka gari pole pole, akainama kwenye bampa, akapitisha kidole mlangoni. Hakukuwa na kitu. Vumbi la majimbo manne, basi.

"Haya, Mama," alisema, na ukweli alikuwa anatabasamu. "Umenishinda. Sitaitaja tena habari hii."

Chelo akapiga makofi. Twila alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mlango wazi. Aliyoyataka miezi mitatu yamewekwa mbele yake, hakuna wa kuyapinga. Akashuka.

"Jana nilimchoma Chelo kama mkate," alisema. "Alilala hospitali."

"Twila!" Chelo alipiga kelele.

"Nyamaza, nimeshika zamu." Akamweleza Janeen yote, hita, kibao, sindano, jasho lililokauka, Lupe. Hakupunguza. Janeen alisikiliza kwa sura ya kazini, halafu ile sura ikamtoka.

"Lakini Mama, ulimshusha. Barafu ile... wengi hawajui."

"Najua ninachokijua. Naendesha kukuzidi wewe, na mpaka leo hujui kurudi nyuma." Twila alitoa funguo mfukoni, akazishika kidogo. "Sijashindwa kuendesha, usije ukawaambia watu hivyo. Aliye nyuma yangu simwoni tena, ndilo hilo. Na dereva asiyewaona watu wake anaegesha. Mimi ningemwegesha mwingine yeyote, siku hiyohiyo."

Akaziweka mkononi mwa binti yake, akamkunjia vidole. Janeen, aliyezidai tangu mwezi wa pili, akaanza kulia pale uani kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa unalia nini? Si ulizitaka?" Twila alisema, na sauti yake haikutetereka. "Mpeleke Chelo nyumbani, amechoka. Na njiani umuulize kama anasikia joto. Muulize mara mbili, maana mara ya kwanza hasemi kweli."